M17 kwenye redio ya mtumba: signali imejaa skrini lakini haisomi neno, tatizo nini wakuu?

#1 Mkonge_Redio (Tanga)
Habari za jioni wadau. Hili jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Nina redio ya VHF ya gari, mtumba, zile zilizokuwa zikitumika kwenye magari ya ulinzi, wati 25, nimeipanga kwenye bendi ya mita 2. Nikaamua nitume sauti ya dijitali kwa M17 (mfumo wa redio ya ridhaa wa kutuma sauti kama biti) kutoka kwenye laptopu kwa sababu M17 iko wazi, huhitaji chipu ya kununua. Programu inatengeneza mawimbi ya besibendi (yale yanayobebwa, kabla ya kupandishwa kwenye masafa ya redio), yanatoka kwenye saundi kadi, yanapita kwenye kapasita na poti ya kupunguza halafu yanaingia tundu la maiki. Upande wa kupokea nina RTL-SDR (kipokezi kidogo cha USB kinachosomwa na programu) na laptopu nyingine chumba cha pili. Redio nimeifunga kwenye dami lodi (mzigo bandia badala ya antena), sirushi nje.

Sasa nikibonyeza PTT (kitufe cha kurusha) signali inajaza skrini. Nikiongea FM ya kawaida nasikika safi kabisa. Nikituma M17 programu ya kupokea inawasha "imefunga", inazima, inawasha tena, jina la kituo halitokei hata mara moja na sauti hamna. Mara mojamoja inatoa mlio kama bata kabanwa mlangoni. Nimepunguza voliumu, nimeongeza, wapi. Kama signali ina nguvu na FM inasikika, kwanini dijitali isisome?

#2 kijana_biti (Dar)
Umezidisha voliumu mkuu, hilo halina mjadala. M17 ina ngazi nne za masafa, za juu na chini kabisa zinachepuka (zinahama kutoka masafa ya katikati) 2.4 kHz na za katikati 800 Hz. Redio za ulinzi nyingi zimepangwa chaneli nyembamba ya 12.5 kHz, humo ndani kuna kikata-kilele kinachozuia mchepuko usizidi 2.5 kHz. Na filta ya M17 inafanya wimbi lipande zaidi ya 2.4 pale linapohama kutoka alama moja kwenda nyingine, kwahiyo vilele vyako vyote vinakatwa. Ukiongea kwa mdomo hutaona shida maana sikio linasamehe. Wajerumani walipoitengeneza 2015 walishasema hili.

#3 MzeeWaHF (Dodoma)
Mimi nauliza kama mtu wa zamani, msinicheke. FM ikififia unasikia kelele zinapanda kidogo kidogo lakini jina la mwenzako unalipata, unasema rudia, anarudia, mnaelewana. Hii dijitali yenu ama inasikika kama mtu yuko sebuleni ama kimya cha kaburi. Faida iko wapi? Na hizo ngazi nne ndo nini, mtu aeleze kwa lugha ya kawaida.

#4 FundiKibo (Moshi)
#2 hapana. Hata apunguze voliumu mpaka mwisho haitasoma kwa sababu tatizo ni tundu la maiki lenyewe. Njia ya maiki imetengenezwa kwa ajili ya koo la binadamu, inapitisha kuanzia kama 300 Hz mpaka 3000 Hz basi. M17 inatuma alama 4800 kwa sekunde, besibendi yake inaanza karibu na sifuri inakwenda mpaka 3600 Hz. Kwahiyo umemkata miguu na kichwa halafu unauliza kwanini hatembei. Juu ya hapo redio ya FM inanyanyua sauti nyembamba kabla ya kurusha, kila masafa ya sauti yakiongezeka mara mbili inaongeza desibeli 6, halafu mpokeaji wa kawaida anashusha. RTL-SDR na programu yako haishushi chochote, inasoma ilivyo.

Tafuta tundu la data la nyuma, lile linaloandikwa 9600. Kama hamna, fungua mfuniko.

#5 Mkonge_Redio
Shikamoo mzee #3. Wakuu asanteni. Redio yangu haina tundu la 9600, nyuma kuna la spika tu na waya wa betri. @kijana_biti nilishaipanga chaneli pana ya 25 kHz, nadhani hapo kikata-kilele kiko kwenye 5 kHz, au nakosea?

#6 dadaOhm (Nairobi)
Hamjambo watu wangu. Kwanza marekebisho kwa #2, M17 haikutoka Ujerumani wala si ya 2015. Ilianzishwa Poland 2019 na Wojciech Kaczmarski, ishara ya wito SP5WWP. Kodeki yake (kibana-sauti), Codec 2, ndiyo ya zamani zaidi, hiyo ni kazi ya David Rowe, VK5DGR, wa Adelaide, Australia. Tuwape watu haki yao, wametuachia kazi ya miaka bure kabisa.

Pili, #4 yuko karibu na ukweli lakini hajafika. Hata ukipata tundu la data kuna redio ambazo hazitakubali. Zile za zamani za kristali nyingi hazibadilishi masafa moja kwa moja, zinabadilisha fezi (wimbi liko hatua gani ya mzunguko wake), na hiyo haiwezi kabisa kushikilia ngazi moja kwa muda, inateleza kurudi katikati. Zile za sintesaiza (zinazoshikilia masafa kwa kitanzi kinachojirekebisha, PLL) nazo zina ugonjwa wake. Wewe unasukuma masafa juu, kitanzi cha PLL kinaona masafa yamehama, kinayarudisha. Kinapambana na wewe. Kwa sauti ya kawaida hakiwahi kwa sababu kitanzi ni kizito, lakini kwa sehemu ya chini ya besibendi kinawahi vizuri sana. Ndo maana redio zilizotengenezwa kwa dijitali zinasukumwa sehemu mbili kwa pamoja, kwenye osileta kuu na kwenye kristali ya rejea. Kwahiyo Mkonge kabla hujafungua mfuniko sema hiyo redio ni ya kristali au ya sintesaiza.

#7 kijana_biti
Sawa dada nimekubali Poland 2019. Lakini kwenye voliumu sirudi nyuma 😄

Mzee wangu #3 shikamoo, hebu nijaribu. Chukulia una ngoma nne, kubwa, wastani, ndogo, ndogo kabisa. Mnakubaliana na mwenzako kila ngoma ina maana ya herufi mbili za sifuri na moja, yaani 00, 01, 10, 11. Unapiga ngoma 4800 kwa sekunde, kila pigo biti mbili, unapata biti 9600 kwa sekunde. Redio inafanya hivyohivyo ila badala ya ngoma inasogeza masafa, juu sana, juu kidogo, chini kidogo, chini sana. Hiyo ndo 4FSK. Mifumo mingine ya sauti ya dijitali ni hivyohivyo, DMR inafanya hivyo, C4FM ya Yaesu inafanya hivyo, M17 inafanya hivyo, wanatofautiana ukubwa wa hatua na kinachobebwa ndani.

Sauti yenyewe ingetumwa ilivyo isingetosha. Sampuli 8000 kwa sekunde, kila moja biti 16, ni biti 128,000. Codec 2 inashusha mpaka 3200, mara 40! Haitumi sauti, inatuma maelezo ya sauti. Kila milisekunde 20 inasema koo linatetemeka kiasi gani, mdomo umekaa umbo gani, nguvu kiasi gani, halafu huku mbele kompyuta inaumba upya. Fremu moja ya M17 ni milisekunde 40, inabeba vipande viwili vya hivyo.

#8 MzeeWaHF
Marahaba. Ngoma nimeelewa. Kwahiyo ninachosikia sio sauti ya mwenzangu ni sauti iliyoumbwa kufuata maelezo yake. Hilo mbona hamkusema tangu mwanzo.

#9 Kilindini (Mombasa)
Ndugu zangu hebu mtazame jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, mawimbi yamegeuzwa. Ngazi ya juu imekuwa chini na ya chini imekuwa juu. Saundi kadi nyingine zinageuza, transista moja ikikaa njiani nayo inageuza, na FM ya kawaida haitakuonyesha kwa sababu sikio halijui juu wala chini.

Mimi yalinikuta. Angalieni uzuri wa jambo lenyewe, alama ya kuanzia matangazo ya M17 ni 55F7 na alama ya kila fremu ya sauti ni FF5D. Ukiandika kwa ngazi, ya kwanza ni juu juu juu juu chini chini juu chini. Ya pili ni kinyume chake kamili! Kwahiyo ukigeuza wimbi, mpokeaji anaona mwanzo wa matangazo akadhani ni fremu ya sauti, anafunga kwa furaha, anajaribu kusoma, anakuta takataka, anaachia. Taa inawaka inazima, jina halitoki. Si ndiyo dalili aliyoeleza huyu bwana? Kwenye programu kuna mahali pa kugeuza, bonyeza mara moja uone.

#10 FundiKibo
Aisee #9 hiyo nimeipenda. Ila bado nasema maiki.

#11 Muscat_Mswahili (Muscat)
Assalaam alaykum jamaa. Mmesahau masafa yenyewe kuwa siyo sahihi. Kristali ya redio ya mtumba ikikosea sehemu 5 kwa milioni, kwenye 145 MHz hiyo ni 725 Hz. Ngazi za M17 zimeachana 1600 Hz, mpaka wa maamuzi uko 800 Hz kutoka kila ngazi. Ukiteleza 725 umebakiwa na upenyo wa 75 tu, kelele kidogo umeingia ngazi ya jirani. Na RTL-SDR ya bei nafuu ina makosa yake, yakijumlishwa na ya redio ndo basi.

Mimi hapa Oman nilikuwa na hotispoti ya DMR (redio ndogo inayounganisha na intaneti) ya 433 MHz, huko sehemu moja kwa milioni ni 433 Hz na DMR ngazi zake ni finyu zaidi, 648 na 1944. Asubuhi inasoma, mchana kwenye gari joto linapanda haisomi, jioni inasoma. Nilidhani ni antena kwa mwezi mzima. Nikaja kurekebisha ofseti kwa kutazama asilimia ya biti zilizokosewa, nasogeza Hz 50 natazama, nasogeza 50 natazama, kutoka asilimia 6 ikashuka chini ya moja.

#12 dadaOhm
#11 ni kweli kwa hotispoti, lakini programu nyingi za SDR zinapima wastani wa ngazi na kurekebisha mteleko zenyewe, kwahiyo 725 peke yake isingemmaliza. Ikichanganyika na kitu kingine ndo shida.

Mkonge acha kubahatisha. Fanya hivi, rekodi sauti ghafi ya FM kutoka RTL-SDR bila kichujio chochote, sampuli 48,000 kwa sekunde, halafu chora jicho. Unapanga vipande vya wimbi juu ya vingine, kila kipande urefu wa alama moja au mbili. Ngazi nne zikiwa nzuri utaona macho matatu yamefunguka, moja juu ya jingine. Yakifumba tutajua yamefumbia wapi.

#13 Nyota_ya_Pemba
Samahani kuingilia, hivi kwanini asinunue tu redio ya DMR akaongea? Hapa mtaani zipo.

#14 Kilindini
#13 kuongea ataongea, kujua hatajua.

#15 kijana_biti
#13 pia DMR na D-STAR na C4FM zote zinatumia AMBE, kodeki ya kampuni moja ya Marekani, ukitaka kuitumia kihalali kwenye kifaa chako kwa kawaida unanunua chipu yao. Sisi watu wa redio ya ridhaa tulizoea kufungua kila kitu tukaona ndani. Kanuni za ITU (umoja wa kimataifa wa mawasiliano) zinakataza mawasiliano yetu yasifichwe maana, halafu tunaongea kwa kitu ambacho hatuwezi kukisoma bila kununua funguo? Mimi hilo linaniuma kweli. Hata hizo DMR zilianza kama redio za makampuni ya China sio za ridhaa.

#16 dadaOhm
Hapo umechanganya vitu viwili. DMR ni sanifu ya ETSI, Ulaya, ilitoka 2005. Wachina walikuja kuzitengeneza kwa bei ya chini baadaye. Lakini ni kweli haikuundwa kwa ajili yetu. D-STAR ndiyo iliundwa kwa ridhaa tangu mwanzo, na chama cha Japani JARL. Hiyo ni ngazi mbili tu, GMSK, biti 4800 kwa sekunde, 2400 sauti, 1200 za kusahihisha makosa, 1200 data, inakaa kwenye 6.25 kHz.

Na AMBE si usimbaji wa kuficha, mtu yeyote mwenye redio hiyo anasikia. Ni kufuli la biashara, ni kitu kingine. Naelewa uchungu wako ila tusiite kwa jina lisilo lake.

#17 kijana_biti
Kufuli ni kufuli dada.

#18 MzeeWaHF
Nitoe na mimi kisa maana nimewasikiliza vya kutosha. Mwaka juzi mwanangu aliniwekea FreeDV (programu ya sauti ya dijitali) kwenye laptopu, tukaunganisha na redio yangu ya HF, ile ya mawimbi mafupi yanayogonga anga. Huku hakuna nafasi ya 9 kHz ya hiyo M17, tunakaa ndani ya SSB (njia finyu ya sauti ya HF), na mawimbi yanafika kwa njia mbili tatu kwa pamoja, moja limegonga anga hapa jingine limegonga kule, yanagongana. Alama za haraka zingevurugika zote. Kwahiyo wanafanya kinyume, badala ya ngoma moja ya haraka wanapiga ngoma nyingi za polepole kwa pamoja. Ile ya FreeDV 1600 ina vibeba 16 vya data, kila kimoja alama 50 tu kwa sekunde, vyote ndani ya kama 1.1 kHz. Nusu ya upana wa SSB yangu!

Kosa langu ni kwamba niliacha kikuza-sauti cha maiki kimewaka na nikapandisha mpaka sindano ya ALC (kidhibiti cha nguvu ya kurusha) icheze, kama ninavyofanya nikiongea. Hakuna aliyenisikia siku nne. Ngoma 16 zikigonga pamoja kilele kinakwenda juu sana, redio inakibana, ngoma zinachafuana. Nikazima kikuza-sauti, nikashusha mpaka ALC isiguse kabisa, wati zikaonekana chache, nikapata jibu kutoka Italia siku hiyohiyo. Kwahiyo nasimama na kijana wa #2, punguza.

#19 FundiKibo
Mzee kwa heshima zote, hicho ni kisa cha SSB, pale ukubwa wa wimbi una maana. M17 ni FM, ukubwa wa wimbi haubadiliki, unaweza kutumia hata amplifaya ya kukata vilele isiharibike kitu. Kinachokatwa kwa Mkonge, kama kinakatwa, ni besibendi kabla ya kuingia kwenye osileta.

#20 MzeeWaHF
Basi na iwe besibendi. Kukatwa ni kukatwa.

#21 Mkonge_Redio
Mrejesho wakuu. Redio ni ya sintesaiza, nimepata mchoro wake. Nimegeuza kama alivyosema Kilindini, taa sasa inawaka kwa utulivu zaidi na mara mbili jina limetokea nusu, herufi zimekosewa. Nimepunguza voliumu, hakuna tofauti ya maana. Nimechora jicho kama alivyosema dada. Jicho la katikati limefunguka kiasi, la chini linaonekana kwa shida, la juu limefumba kabisa. Mistari yote minene kama imepigwa brashi. Nini maana yake?

#22 kijana_biti
La juu limefumba! Kikata-kilele hicho. Nimesema.

#23 FundiKibo
Mistari minene! Hiyo ni njia ya maiki, ngazi zinateleza kwa sababu chini ya 300 hakuna kitu. Nimesema.

#24 dadaOhm
Wote wawili pumzikeni kidogo. Kikata-kilele kingebana juu na chini sawasawa, yeye la juu ni baya kuliko la chini. Hiyo inaweza kuwa daiodi ya kubadilisha masafa haifanyi kazi kwa mstari ulionyooka, inasogea zaidi upande mmoja, au masafa yametoka katikati kama alivyosema #11 na kichujio cha SDR kinakata upande mmoja. Unene wa mistari unaweza kuwa maiki, unaweza kuwa PLL inapambana, mimi kwa picha peke yake sitenganishi. Mkonge ruka maiki. Kwenye mchoro tafuta pale sauti inapoingia kwenye daiodi ya osileta, baada ya vichujio vyote, ingiza hapo.

#25 Nyota_ya_Pemba
Mkiwa mnasubiri, swali dogo. Nimesikiliza rekodi za Codec 2, nikisema "dhahabu" inasikika "zahabu" na "thelathini" inakuwa "selasini". Ni kodeki hiyo?

#26 Kilindini
Hiyo si kodeki, huyo ni mtu wa bara ameongea 😂

#27 FundiKibo
Kilindini tuheshimiane, sisi wa bara tunasema thelathini vizuri tu 😂

#28 dadaOhm
Tukicheka tusisahau kuna ukweli. Hizi kodeki zina nguvu kwenye sauti yenye mtetemo wa koo, a, e, m, n. Konsonanti za pumzi, th, s, sh, f, tofauti zake ziko juu, nyingine juu ya 4000 Hz, na sampuli 8000 haziwezi kubeba chochote juu ya 4000. Hata simu ya mezani ilikuwa hivyo, tulizoea tu. Na feni au jenereta ikiwa nyuma yako kodeki inachanganyikiwa, inadhani feni nayo ni koo la mtu.

#29 Muscat_Mswahili
Hapo kwa feni nakuunga mkono. Huku kiyoyozi kikiwaka wenzangu wananiambia naongea kama roboti anayezama.

Kwa wale wa Afrika Mashariki wanaotaka kujaribu sauti ya dijitali bila kusubiri anga la HF likae sawa, ipo QO-100, setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iko digrii 26 mashariki, ilirushwa Novemba 2018. Unapanda 2400 MHz unashuka 10,489, inasikika Afrika nzima, huko Dar iko karibu utosini kabisa, zaidi ya digrii 70 juu. Upana wa mwisho unaoruhusiwa upande wa sauti ni 2.7 kHz kwahiyo M17 haiingii ila FreeDV inaingia. Na haififii kama HF, ile hali ya baada ya magharibi ambapo anga la juu karibu na ikweta linachemka na kila kitu kinatikisika, kule huisikii sana.

#30 MzeeWaHF
Hiyo ya baada ya magharibi naijua miaka yote, hasa Machi na Septemba. Nilikuwa nadhani ni redio yangu.

#31 Mkonge_Redio
JINA LIMETOKA!!! Nimefungua mfuniko, nimechomea waya mwembamba kwenye ukinzani wa mwisho kabla ya daiodi ya VCO (osileta kuu), bila kapasita. Mara ya kwanza kabisa nikaona ishara yangu ya wito imeandikwa yote bila kosa, na sauti ya mke wangu akihesabu moja mpaka kumi ikatoka chumba cha pili. Alidhani nimepiga simu. Wakuu sina la kusema, Mungu awabariki.

Lakini. Inasoma sekunde kumi na tano hivi halafu inakatika, inarudi sekunde tatu, inakatika. Na jicho sasa yote matatu yamefunguka ila yanapanda na kushuka taratibu kama mashua kwenye maji.

#32 FundiKibo
Hongera sana mkuu! Si nilisema maiki.

#33 dadaOhm
Hongera Mkonge, pole kwa usingizi. Kupanda na kushuka taratibu, hapo nashuku PLL, inakurudisha katikati. M17 inachanganya biti kwa mfuatano maalumu kabla ya kutuma ili ngazi moja isikae muda mrefu, lakini kitanzi kikiwa cha haraka bado kinadhuru.

#34 Kilindini
Au mvumo wa umeme. Ulipokuwa na kapasita na njia ya maiki, Hz 50 ilikuwa inakatwa njiani. Sasa umefungua mlango wazi mpaka sifuri, umemwingiza na mgeni asiyealikwa. Laptopu iko kwenye chaja, redio iko kwenye pawa saplai, ardhi zao zinakutana kupitia waya wako. Dawa imeleta ugonjwa wake.

#35 Muscat_Mswahili
Sekunde kumi na tano ni joto. Wati 25 ndani ya sanduku lililofunguliwa, kristali inapashwa, masafa yanakimbia. Tazama skrini ya SDR, wimbi linahama au limetulia?

#36 kijana_biti
Au laptopu inachelewa kutoa sampuli. Saundi kadi ikiishiwa data kidogo tu fremu moja inavunjika. Funga kivinjari, funga kila kitu. Na voliumu uiangalie pia.

#37 Mkonge_Redio
Nimejaribu usiku huu. Laptopu kwenye betri yake, redio kwenye betri ya gari, nguvu nimeshusha wati 5, kivinjari nimefunga. Imesoma sekunde 40 bila kukatika, halafu ikakatika mara moja, ikarudi yenyewe. Wimbi kwenye skrini limehama kidogo kushoto, ni kama Hz 200 kwa macho. Mashua imepungua lakini bado ipo. Nimebadilisha vitu vinne kwa mpigo kwahiyo sijui ni kipi kimesaidia.

#38 Kilindini
Rudisha kimojakimoja bwana. Anza na chaja.

#39 Muscat_Mswahili
Anza na wati 25.

#40 dadaOhm
Anza popote ila rekodi. Nataka ile sekunde ya 38 mpaka 42, sauti ghafi, sampuli 48,000, bila kuipunguza ukubwa wa faili. Iweke hapa kesho jioni nikitoka kazini nitaichora mimi.